Mpira haufumuliwi kama kofia

Assalam alaykum Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni banati wa miaka 23, nakaa Wete. Nacheza mpira wa pete, nafasi ya GS, yule mfungaji anayekaa karibu kabisa na goli. Timu yetu ni ya mtaani tu, lakini huwa tunakwenda kucheza Konde na Chake, na mara mbili tumecheza Gombani mbele ya watu wengi. Nakuandikia kwa sababu mchezo nilioupenda tangu nina miaka tisa umenigeukia, na sijui nimeukosea wapi.

Kila siku baada ya sala ya Alasiri nakwenda kwenye kiwanja cha skuli kilicho nyuma ya nyumba yetu. Pana mlingoti mmoja wa chuma wenye pete, na chini ni udongo mwekundu. Nimejiwekea sharti kwamba siondoki mpaka nifunge mipira 30 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Nikikosa wa tano, naanza moja. Nikikosa wa ishirini na nane, naanza moja. Mwanzo niliona raha, nikahisi najijenga. Sasa nikifika ishirini mikono huanza kutoka jasho, na nikikosa ni kama mtu amenizaba kofi. Siku moja niliupiga mpira teke ukaingia migombani, nikakaa chini nikalia. Magharibi hunikuta pale pale. Mama ameshamtuma kaka yangu mara tatu aje anichukue, na mara ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, huo mpira unakutafuna."

Nina daftari. Kabla ya kuanza lile sharti hupiga mipira 50 ya kujipimia na kuandika. Tangu Mfungo Mosi mpaka leo, miezi minne, naingiza kati ya 41 na 45. Haipandi. Baada ya hapo hurusha kama mipira mia mbili nikilitafuta sharti langu. Katika siku kumi hulitimiza mara mbili au tatu. Siku nyingine zote narudi nyumbani nimeshindwa.

Kwenye mechi ndiko kulikoniogopesha hasa. Siku hizi nikikosa mpira wa kwanza, ule unaofuata sirushi tena, namrudishia GA, mfungaji mwenzangu. Mechi ya mwisho, Chake, niliudaka mpira niko hatua mbili tu na pete, mlinzi wangu ameteleza, mbele yangu hamna mtu. Nikaurudisha. Mwenzangu alinitazama, hakusema kitu. Tulifungwa kwa mabao manne.

Kuna na mdogo wangu, ana miaka 13. Yeye ndiye aliyekuwa akija kuniokotea mipira. Nilimkaripia mara nyingi kwa sababu alikuwa akizungumza nami ninapohesabu. Sasa haji.

Shangazi, riziki yangu ni kushona kofia za mkono. Mama alinifundisha kwamba kitobo kimoja kikienda upande, fumua, hata kama ni usiku na macho yamechoka. Kofia zangu zinapendwa kwa sababu hazina kasoro. Kocha wetu husema, "Mfungaji hakosi." Na chuoni tulisomeshwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa kuitimiza vizuri. Basi nikiliacha sharti langu, si ndiyo nimekubali uvivu? Rafiki yangu huniambia nicheze tu nijifurahishe, lakini kucheza ovyo hakunipi furaha, na kukaza nako hakunipi. Wiki mbili hizi nimesema naumwa, siendi kiwanjani. Niache?

Mfungaji, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua penseli. Kabla sijakwambia lolote la moyo nataka tufanye hesabu, kwa sababu umeniandikia kama mtu aliyefeli, na daftari lako linasema jengine kabisa.

Wastani wako ni mipira 43 katika 50. Hiyo ni 86 katika kila 100, juu ya udongo, mlingoti mmoja, bila ya mtu wa kukuelekeza. Mashaallah. Sasa chukua 0.86 uizidishe kwa yenyewe mpaka zitimie 30. Utapata kiasi cha 0.011. Maana yake, kila unaposema "moja" ukaanza upya, nafasi yako ya kufika thelathini bila kukosa ni kama moja katika mia. Na ukipiga hesabu ya wastani wa mipira inayohitajika mpaka mfululizo huo utokee, kwa mtu anayefunga kama wewe, inakuja mipira 650 hivi. Wewe kwa jioni moja unarusha mia mbili.

Basi ndiyo maana unalitimiza sharti mara mbili au tatu katika siku kumi. Hesabu inataka iwe hivyo hivyo. Zile siku saba ulizorudi nyumbani umeinamisha kichwa hukufanya kosa lolote. Ulikuwa mfungaji yule yule wa 86 katika 100, ila bahati ya mfululizo haikukuangukia kabla ya adhana. Hata ungepanda ukafika 90 katika 100, bado ungehitaji kurusha mipira kama 226 kwa wastani. Umejitungia mtihani ambao hata mtu hodari hufeli siku nyingi, kisha kila jioni ukakaa na matokeo yake kama kwamba yanaeleza wewe ni mtu gani. Miezi minne ya hivyo ingemchosha yeyote.

Aliye karibu zaidi na ukamilifu ninayemjua katika kulenga pete ni Stephen Curry wa mpira wa kikapu wa Marekani. Katika mitupo huru, ile ambayo hakuna anayekuzuia na kila mtu ananyamaza kukungoja, yeye ndiye mwenye wastani wa juu kabisa katika historia ya ligi ya NBA, na wastani wenyewe ni kiasi cha 91 katika 100. Pete yao iko juu mita 3.05 kama yenu, lakini ina upana wa sentimita 45. Yenu ina 38, na haina ubao nyuma wa kuusaidia mpira kurudi. Yeye hukosa tisa katika mia, kesho yake akarudi kurusha.

Sasa nije kwenye kofia, maana naamini ndiko tatizo lilikoanzia, na limeanzia mahali pema.

Nimekaa na washona kofia. Najua kile kiduara cha juu na ule ukanda wa pembeni vinavyokula miezi ya mtu. Najua kwamba kitobo kimoja kikienda upande kinavuta na jirani yake, na ua zima hupinda. Mama yako alikufundisha haki ya ile kazi. Kofia hukungoja. Unaweza kuiweka usiku, ukaiamkia asubuhi ukafumua nyuzi ishirini, ukashona upya, na atakayeivaa siku ya Idi hatajua kwamba palikuwa na kosa. Kufumua ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Mpira ukishatoka mkononi haufumuliwi. Wewe unapokosa wa ishirini na nane ukarudi "moja", unajaribu kuifumua jioni nzima, kana kwamba ile ishirini na saba iliyoingia ilikuwa na kasoro nayo. Haikuwa nayo. Iliingia. Mikono yako ilijifunza kitu katika kila mmoja wa hiyo, na ulipoifuta hesabu hukufuta ulichojifunza. Ulifuta furaha yake tu.

Na mchezo wenyewe, mwanangu, umekuwekea kukosa ndani ya sheria zake. Unaijua sheria hii, lakini nataka uisikie tena leo: ukirusha, mpira ukagusa pete au mlingoti ukarudi, una haki ya kuudaka wewe mwenyewe na kurusha tena. Waliotunga walijua mfungaji atakosa, wakampa mlango wa pili. GS mzuri anarusha huku miguu yake iko tayari kwa ule mpira utakaorudi. Anayeogopa kukosa husimama akiukodolea macho, na mlinzi anaupata. Kwa hivyo hata kama shida yako ni mabao tu na furaha huitaki, hofu hii inakupunguzia mabao.

Kuna jambo jengine katika mazoezi yako ambalo si la moyo, ni la ufundi mtupu, nalo ndilo linalofanya daftari lako lisipande. Unasimama wapi unaporusha? Hukuniambia, lakini mtu anayetafuta 30 mfululizo hachagui pembe ngumu. Nadhani unasimama pale pale unapopapenda, umetulia, pumzi imekaa, hamna aliyekukabili. Kwenye mechi mpira unakujia ukiwa mbioni, una sekunde 3 tu za kukaa nao, na mlinzi amenyoosha mikono mita 0.9 kutoka ulipo. Leo uko chini ya pete, kesho uko ukingoni mwa nusu duara, mita 4.9. Wewe umefanya mazoezi ya mchezo mmoja, halafu unacheza mwengine.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Kerr na Booth, walichapisha jaribio ambalo nimelitumia sana nilipokuwa nikisomesha michezo skuli. Waliwapa watoto wa miaka minane vifuko vidogo vya kunde wavirushe kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi umbali wa futi 3 tu, siku zote. Jengine lilifanya futi 2 na futi 4, na hiyo 3 halikuigusa. Mwisho wakapimwa wote kwa futi 3. Walioshinda ni wale ambao hawajawahi kuifanya. Nilipolisoma mara ya kwanza nilikuwa na mashaka, mpaka nilipoanza kuwatawanya wanafunzi wangu kuzunguka goli badala ya kuwapanga foleni mbele yake. Mkono uliozoea kupima umbali tofauti unajua kupima. Uliozoea sehemu moja umekariri tu, kama mtoto aliyekariri bila kuambiwa maana.

Na usihangaike kuufanya mkono uende vile vile kila mara. Mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Bernstein, miaka ya 1920 aliwapima mafundi wenye uzoefu wakipiga patasi kwa nyundo. Nyundo ilifika pale pale, lakini bega, kiwiko na kifundo vilipita njia tofauti kila pigo. Mwili wa fundi hurekebisha njiani. Nawe ukitazama vidole vyako unaposhona utaliona jambo hilo hilo.

Sasa hili la kocha wenu. "Mfungaji hakosi." Najua makocha husema maneno kama haya kwa kutia moyo, na simlaumu mtu nisiyemjua. Lakini nataka ujiulize, ile sauti inayokupigia kelele ukifika ishirini na tisa ni ya nani? Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett, walipotoa kipimo chao mwaka 1991, walitenganisha viwango ambavyo mtu anajiwekea mwenyewe na vile anavyohisi watu wanamdai. Kwa nje vinafanana. Kwa ndani, cha kwanza mara nyingi humsukuma mtu aende, na cha pili humfanya ajifiche. Wewe ulianza na cha kwanza. Ulipourudisha mpira pale Chake, hatua mbili na pete, mlinzi ameteleza, ulikuwa umeshahamia kwenye cha pili: ulikuwa unawakimbia watazamaji. Mfuate kocha kabla ya mazoezi, kwa adabu, umuulize: "Mwalimu, unataka nirushe mara ngapi katika mechi?" Muulize kurusha. Kuingia usimtajie. Nina hakika atakupa idadi, na hiyo idadi itakupa ruhusa unayoingoja.

Sikwambii kwamba kurudisha mpira kwa GA ni vibaya kila mara. Ukiwa umeyumba, au mlinzi amekubana na mwenzako yuko wazi, mrudishie, huo ndio mchezo. Mimi nilikuwa GA miaka ya themanini, hapa Unguja, na GS wangu alikuwa akinirudishia mipira mizuri sana. Lakini nilijua tofauti. Mtu anayekurudishia kwa mpango hukutazama usoni. Anayekurudishia kwa hofu hutazama chini.

Na hiyo hadithi uliyoitaja nami nimesomeshwa, sitaipunguza hata herufi. Kazi itimizwe vizuri. Lakini nawe ulisomeshwa nyengine, maana walimu wetu huzisomesha zote mbili: kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa chache. Sharti lako limekulaza nyumbani wiki mbili ukisema unaumwa. Je, hilo linadumu? Kuitimiza kazi ya mazoezi ni kuyafanya vile ambavyo kesho utaweza kurudi. Aliyefanya mipira sitini kwa makini akaenda zake kusali Magharibi kwa wakati, ameitimiza.

Sitini hiyo ndiyo nataka uichukue. Siku tatu za wiki, mipira 60, na ukimaliza sitini umemaliza, imeingia hamsini au imeingia thelathini. Mwisho wa kazi uwe ni idadi iliyo mikononi mwako. Matokeo hayamo mikononi mwako, basi yasikushike mateka pale kiwanjani. Kila mpira urushe kutoka mahali pengine: mmoja chini ya pete, wa pili ukingoni, wa tatu kulia, wa nne baada ya kuurusha juu mwenyewe ukaudaka na kugeuka. Andika jumla, funga daftari. Nakutahadharisha mapema kwamba wiki za mwanzo hesabu itashuka, pengine mpaka 35 au 40 katika sitini, na moyo utakwambia umeharibika. Hukuharibika. Mazoezi yaliyochanganywa huonekana mabaya yanapofanywa, faida yake huja baadaye, siku ya mechi. Usiipime mpaka mwezi upite.

Lile sharti la thelathini sitaki ulitupe, kwa sababu najua unalipenda. Lifanye mara moja kwa wiki, jaribio moja tu. Ukikatika kwenye kumi na moja, andika kumi na moja na tarehe yake. Mara nyingi utakatika kabla ya kumi. Kwa mtu wa 86 katika 100 hiyo ni kawaida kabisa. Siku itakayokwenda kumi na tisa utafurahi kwa kumi na tisa, jambo ambalo sasa hulijui, kwa kuwa kwako kumi na tisa ni jina jengine la sifuri.

Na siku moja ya wiki iwe ya kucheza. Bila daftari. Nimeona unalidharau kidogo neno la rafiki yako, na nakuelewa, kucheza ovyo hakumfurahishi mtu anayejua. Lakini kucheza si lazima kuwe ovyo. Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa ukicheza ovyo? Mtoto wa miaka tisa hulenga kwa nguvu zake zote, hubishana mpaka machozi kama mpira umegusa mstari au haukugusa, akikosa hucheka, akarusha tena kabla hajamaliza kucheka. Alitaka kufunga kama unavyotaka wewe. Ila yeye hakungoja aingize thelathini ndipo aruhusiwe kufurahi.

Mimi niliacha pete nikiwa na miaka 24. Palikuwa na mechi nilikosa mipira sita, niliyoikosa karibu yote ilikuwa rahisi, nikasema siwezi tena kuwatazama watu. Sikurudi. Nilidhani nitakuja kuyakosa mabao, lakini hata sasa kinachoniuma ni njia ya kurudi nyumbani: mabanati saba, viatu mikononi, embe mbichi zenye chumvi na pilipili kwenye karatasi, tukibishana nani alisukumwa na mwamuzi hakuona. Hayo ndiyo yalikuwa yamenishika kwenye mchezo muda wote, nami nikidhani ni kufunga. Wewe nawe, mwanangu, umelifanya zoezi lako liwe la mtu mmoja na chuma. Aliyekuwa akikuokotea mipira umemfukuza kwa sababu alikuwa akizungumza. Pengine yale mazungumzo yake ndiyo yaliyokuwa yakikurudisha kiwanjani kesho yake, na wewe hukujua.

Kwa hiyo kabla ya mlingoti, anza kwake. Mwombe radhi, kwa maneno mafupi, usimpe sababu. Kisha mwambie unamhitaji kama mlinzi. Akate kuti la mnazi, alivue majani nusu, asimame mbele yako kiasi cha mita 0.9, hatua moja ndefu, na alinyanyue juu kabla hujarusha. Ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu", na ikifika tatu mpira hujautoa, bao ni lake. Akikuzuia, bao ni lake. Mfike mabao kumi, mbadilishane, yeye alenge nawe ushike kuti. Utapata mlinzi, sekunde tatu, makelele na watu, vyote ambavyo mechi inavyo na mazoezi yako hayana. Na mwache azungumze.

Katika mechi ya kwanza utakayorudi, mpe mmoja wa wachezaji wa akiba kazi ya kuhesabu mara ulizorusha. Zilizoingia asizihesabu, mwamuzi anazo. Ukirusha kumi na tano, mechi hiyo umeicheza, hata kama tano zimetoka nje.

Jambo moja nimelibakisha makusudi. Umeniambia unafumua kofia usiku macho yakiwa yamechoka. Je, na udhu unaurudia rudia? Sala je, unaikata ukaanza upya kwa shaka? Mlango unarudi kuujaribu mara nyingi? Hunijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kama hapana, alhamdulillahi, tatizo lako ni la mchezo na nimeshakwambia niliyonayo. Kama ndiyo, huo ni wasiwasi, wazee wetu waliujua kwa jina hilo hilo na walimu wa dini tangu zamani wamewaambia wenye nao wapite wasirudi. Siku hizi madaktari nao wana namna ya kuutibu. Mwambie mama yako, mwende pamoja hospitali mkamwone daktari. Usilibebe peke yako kama ulivyolibeba hili la mpira miezi minne.

Niache, umeniuliza. Mimi sitaki uache. Lakini ukirudi, rudi siku ya kucheza kwanza, si siku ya sitini. Mwambie kocha umepona, nenda na mdogo wako saa kumi na nusu, muda bado upo mpaka Magharibi. Daftari liache nyumbani chini ya kofia unayoishona sasa. Na hilo kuti, mwambie achague refu.